Sweta ya Fundi Sauti

Mimi sikuwepo. Aliyekuwepo ni rafiki yangu, msimamizi katika ofisi ya kutengeneza michezo ya kompyuta, na si mtu wa porojo.

Ijumaa walimzika fundi sauti wao, aliyefanya kazi wiki tisa bila hata siku moja ya kupumzika. Jumapili asubuhi mjane akampigia simu msimamizi: "Shemeji, niletee sweta yake tu."

Akaenda ofisini. Umeme umekatika, na ndani ni giza totoro, maana madirisha aliyaziba mwenyewe kwa karatasi nyeusi, wafanyakazi wasione jua likizama. Akapapasa meza moja baada ya nyingine mpaka akaigusa sweta, imetundikwa kwenye kiti, akakishika kiti. Hapo akasikia kikohozi kikavu anachokijua, kisha sauti ya upole: "Bosi, naweza kwenda nyumbani sasa?"

Swali hilo aliulizwa kila jioni. Mdomo, kwa mazoea, ukaitangulia akili: "Malizia hicho kwanza."

Pumzi ndefu ikashushwa, kiti kikamponyoka mkononi kikasogea mezani, na vitufe vya kompyuta vikaanza kulia, ta-ta-ta, juu ya meza tupu. Kompyuta yenyewe alishampa fundi mwingine, siku ileile ya mazishi.