Beji ya Sista Elizabeth

Kila asubuhi kabla ya shule nilikata majani ya ng'ombe, nikamenya ndizi za mchana, halafu nikateremka mbio kile kijia chetu cha Nkoaranga. Tangu Mama ateleze hapo akiwa na mkungu wa ndizi kichwani na kuvunjika mguu, kazi zake zote zilikuwa zangu. Baba alishafariki. Mimi Diana, mtoto wa darasa la sita, ndiye niliyekuwa baba na mama wa nyumba ile.

Dada yangu Ruth ndiyo kwanza alikuwa amemaliza chuo cha uuguzi na kurudi nyumbani. Kanisani walimtangaza, wakamwimbia, na tangu siku hiyo kijiji kizima kikamwita nesi. Nesi gani jamani? Alikuwa hajafanya mtihani wa leseni, na bila leseni haruhusiwi kumhudumia mgonjwa peke yake. Mtihani ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Miezi mitatu! Na sisi kwenye ndoo ya unga tulikuwa tunakwangua chini.

Ndipo Allen akapiga simu. Huyu Allen alikuwa na zahanati yake mjini, mtaa wa Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Nesi wake, Elizabeth, alihamia Dodoma akaacha beji yake ya jina.

"Utavaa beji yake," alimwambia Ruth. "Wagonjwa hawaangalii sura, wanasoma jina. Njoo kesho uanze."

Ruth aliweka simu chini, akakaa kwenye kigoda. "Siwezi, Diana. Nikikamatwa, leseni nitaisikia kwa wenzangu tu."

"Siwezi, siwezi!" nilimjibu kwa hasira. "Mama anakunywa uji bila sukari, anatudanganya eti sukari haipendi. Jina ni jina tu, dada. Miaka yote uliyosoma, kuchoma sindano hujui?"

Asubuhi dada alikwenda. Mama tulimwambia Ruth amepata kibarua cha usafi, na uongo huo niliutunga mimi mwenyewe.

Jumamosi nilimpelekea bakuli la loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa ya mgando, ale mchana. Alikuwa amenionya nikifika nimwite Sista Elizabeth. Foleni ilijaa hadi nje, na Allen alikuwa akipita huku na huku akisema, "Haraka, Sista, haraka!" Daktari alikuwa ameshaandika dawa za wagonjwa na kuondoka. Dada alibaki peke yake. Alikuwa amekonda kwa siku tatu zile, macho yamemwingia ndani.

Mama mmoja aliingia na mtoto wa miaka mitatu hivi, anachemka homa. Aliisoma ile beji, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Alhamdulillahi, nimekukuta, Sista Elizabeth! Mimi naitwa Rukaiya. Safari iliyopita baba yake ndiye aliyemleta, akaniambia nikutafute wewe tu. Daktari hakuniuliza kitu, lakini wewe unamjua mwanangu Athumani na mambo yake yote, sina haja ya kueleza."

"Ndiyo, mama," dada alisema kwa sauti ndogo. Akasoma cheti cha daktari, akavuta dawa kwenye bomba la sindano.

Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli langu. Mambo yake yote? Mambo gani? Dada hakujua hata moja! Nilimwona anataka kuuliza na hawezi. Atauliza nini, naye ndiye Elizabeth anayejua kila kitu? Nikifungua mdomo kazi imekwisha, na unga nao umekwisha.

"Dada Ruth, usimchome!" nilipiga kelele. "Wewe siyo Elizabeth!"

Dada aliweka sindano mezani, akaivua beji.

"Nisamehe, mama. Ni kweli. Naitwa Ruth, na leseni sina. Mtoto ana jambo gani?"

Rukaiya alimkumbatia mwanawe kwa nguvu. "Hujui? Penisilini ilitaka kumuua! Alivimba midomo, akashindwa kupumua. Sista Elizabeth akasema asichomwe tena maisha yake yote!"

Dawa iliyokuwa kwenye bomba lile ilikuwa penisilini.

Ruth alimwandikia Rukaiya jina la ile dawa kwenye karatasi, amwonyeshe daktari, na mama huyo akamfunga mtoto mgongoni akakimbilia hospitali. Allen alitufukuza kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Dada alitapika pembeni ya ukuta. Njia nzima alilia akirudia, "Ningemuua, Diana. Ningemuua mtoto wa watu."

Nyumbani alimweleza Mama yote, akajibebesha kosa peke yake. Mimi nilinyamaza. Mama alilia, kisha akanituma nimwite jirani yetu, Mama Sifael, mwenyekiti wa akina mama wa usharika wa kanisa letu.

"Nyie watu!" Mama Sifael alifoka alipokwisha kusikia. "Furaha mlitutangazia kanisani, njaa mkaifungia ndani? Sisi wa nini?"

Kesho yake akina mama walileta unga, na kila mmoja akamkabidhi Ruth mikungu akauze soko la Tengeru, faida wagawane. Watu walimcheka: "Nesi wa ndizi huyo!" Yeye aliuza mchana, akasoma jioni. Wiki ya kwanza alimtafuta Rukaiya hadi akampata. Athumani alikuwa amepona, na Rukaiya alimsamehe, ingawa chai hakumkaribisha.

Mtihani ulipofika aliufanya, na akafaulu. Siku aliyokuja na leseni mkononi Mama alikuwa anatembea kwa fimbo. Alituita sote wawili.

"Mgonjwa hana namna ya kukukagua," alisema. "Ana mtoto mwenye homa, anakuamini basi. Njaa ilikuwa yetu sisi. Siku ile tulitaka kumtwisha njaa hiyo mtoto wa mwenzetu, naye hana habari."

Nilishindwa kuvumilia. "Mama, mimi ndiye niliyemsukuma dada aende."

"Najua," Mama alisema. "Ruth hawezi kutunga uongo wa kibarua cha usafi. Na wewe ndiye uliyemzuia. Yote mawili ni yako, Diana. Usisahau hata moja."