Siku Ile Mezani kwa Kukhu

"Kaa basi, mwanangu. Mtu hasalimii akiwa mlangoni kama mdai."

"Nitasimama tu, Kukhu. Sikuja kukaa."

Kemunto alisema hivyo mkoba ukiwa bado begani. Mbele yake ilikuwa ile meza ya mvule, pana, nyeusi kwa uzee, na viti vinane kuizunguka. Kwenye kiti kinachotazama dirisha aliketi Kukhu Muhonja, bibi aliyemlea mumewe Shikanga, kitambaa cheupe kichwani na fimbo magotini. Alikuwa amekonda. Miaka mitatu na miezi minne Kemunto hakuwa amekanyaga nyumba hii ya Shieywe, Kakamega.

Lakini meza yenyewe haikuwa imemwacha. Akiwa ofisini, akiwa kanisani, hata akiwa anakoga, alisikia kijiko kikigonga ubao. Ko, ko, ko. Mitchel alikuwa akifanya hivyo chakula kikichelewa. Kemunto angegeuka haraka, na nyuma yake hakuna mtu.

Mitchel alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikufa akiwa na miaka minne, siku moja baada ya Krismasi, nje ya geti la nyumba hii. Pikapu ilimgonga akivuka barabara. Ukoo wote ulikuwa umekuja kula, na mtu alikuwa ameacha geti wazi. Pale hospitalini Kemunto alipokuwa akilia, "Nani aliacha geti wazi? Nani?", Kukhu alijibu kwa kinywa chake mwenyewe:

"Ni mimi."

Mbele ya watu wote Kemunto akamwambia bibi yule maneno ambayo hayaambiwi mzee. La mwisho lilikuwa hili: "Mezani kwako sitakula tena mpaka nife."

Na hakula. Mwaka haukuisha, ndoa yake na Shikanga nayo ikavunjika. Shikanga hakuwa mlevi wala hakuwa na mkono mwepesi. Alikuwa tu hawezi kumtazama mkewe usoni. Kemunto aliamini ni majonzi. Akapanga chumba Lurambi, Shikanga akahamia Mumias alikopata kazi, na kimya kikaingia kati yao.

Kisha mwaka jana Shikanga alianza kupiga simu. Mwanzo ilikuwa salamu. Baadaye akawa anamngoja nje ya ofisi, mahindi ya kuchoma yamefungwa kwenye gazeti, amesimama kama kijana anayetongoza mara ya kwanza. Moyo wa Kemunto ukalainika. Wakakubaliana Desemba wafunge ndoa kanisani. Mchungaji aliwasikiliza akasema, "Vizuri. Lakini kabla ya madhabahu, mkafanye amani na bibi yenu."

Ndiyo maana alikuwa hapa Jumapili hii, mbele ya meza hii.

Simu ililia mkobani. Ujumbe wa Shikanga:

*"Nimefika stejini, nanunua soda nije. Asante kwa kukubali. Umeniondolea mzigo ambao hujui."*

"Mama Mitchel!" Jescah, dada yake Shikanga anayemtunza Kukhu, alitoka jikoni akipangusa mikono kwenye leso. Akamkumbatia Kemunto kabla hajakataa. "Umekuja kweli? Mimi nilisema hutakuja. Si ukae? Nimechinja kuku, ingokho iko karibu kuiva."

Jescah hakungoja jibu. Alimvutia kiti, akamkalisha kwa mabega, na Kemunto akajikuta ameketi.

"Unakumbuka siku ya kwanza Shikanga alikuleta hapa?" Jescah aliuliza, akitaka kuchangamsha hewa. "Kukhu alichukua firigisi akakuwekea wewe. Firigisi ya wanaume! Wajomba wakanuna mpaka jioni."

"Nilisema mgeni wa leo ndiye mwanamume," Kukhu alisema polepole.

Kemunto hakutaka kutabasamu, lakini midomo ilimsaliti kidogo. Ilikuwa kweli. Msichana wa Kisii mgeni hapa, anaogopa kila jicho, na bibi huyu akamsogezea sahani mbele ya ukoo mzima. Hapa hapa ndipo Shikanga alijifunza kusoma, kidole cha Kukhu kikifuata maneno kwenye Biblia. Hapa ndipo mahari ya Jescah ilizungumzwa siku mbili. Na hapa ndipo Mitchel alikula uji wake wa kwanza, nusu ukaishia kwenye nywele.

Bila kufikiri Kemunto alipitisha mkono chini ya meza. Vidole vikagusa vijiwe vidogo, vigumu, vimebandikwa kwa safu.

"Ni nini hii?"

"Bazoka za Mitchel, zile pipi zake za kutafuna," Kukhu alisema. "Alikuwa anazificha hapo. Akasema ni za kesho. Sijakubali mtu azitoe."

Kemunto aliondoa mkono kana kwamba ameungua. Akaegemea meza kwa viwiko ili asilie, na meza ikainama upande wake ikarudi.

"Hii meza imeanza kuyumba?" aliuliza, apate tu la kusema.

"Ni ule mguu wa upande wa Kukhu," Jescah alijibu. "Ulivimba ukapasuka. Karai lilimwagika siku ile, maji ya chumvi yakakaa chini ya zulia wiki nzima. Tukiwa kwenye matanga nani angekumbuka zulia?"

"Karai gani?"

"La Kukhu la kukanda miguu. Si unajua magoti yake na baridi? Nilikuwa nimemletea maji moto sasa hivi tu, nikarudi jikoni tulipokuwa na wewe, ndipo tukasikia breki. Kukhu kuinuka akapiga karai teke, maji yote..."

"Jescah," Kukhu aliita. "Nenda uangalie chakula."

"Kiko sawa, Kukhu."

"Nimesema nenda."

Jescah alimtazama bibi yake, akamtazama wifi yake, na polepole uso wake ukabadilika. Maneno aliyokuwa amesema yalimrudia. Hakuenda popote.

Kemunto aliongea kwa sauti ndogo.

"Kukhu. Siku ile ulisema uliacha geti wazi ukienda wapi?"

"Kwa jirani. Kupeleka chapati."

"Ukiwa na miguu ndani ya karai?"

Bibi aligeukia dirisha. Nje mvua ya alasiri ilianza kugonga mabati.

"Ulienda kwa jirani ukarudi, ukaketi, ukaletewa maji, na mtoto wangu muda huo wote anangoja tu ndipo atoke? Kukhu, mimi nilikupitisha jikoni asubuhi nimekushika mkono. Ulikuwa huwezi kutembea hatua kumi. Ungefikaje getini?" Kemunto alijishika mdomo. "Nilijua. Mungu wangu, nilijua siku zote, na sikukumbuka."

"Uchungu hufunika macho, mama."

"Nani aliacha geti wazi?"

"Mwanangu, umekuja tufanye amani. Tule."

"Nani?"

Kukhu alishika fimbo kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Pale hospitali nilikuona macho," alisema. "Ulikuwa unatafuta mtu wa kuchukia. Nikawaza, huyu akimchukia mumewe, nyumba yao imekwisha leo. Akinichukia mimi, mimi ni mzee. Nitakufa na chuki hiyo, itazikwa na mimi."

"Na nyumba ikaisha hata hivyo."

"Ikaisha. Hapo nilikosea." Alipangusa uso kwa ncha ya kitambaa. "Lakini usifikiri nilidanganya yote. Kiti changu kinatazama dirisha. Nilimwona anatoka na ufunguo wa gari. Nikamwona mtoto anamfuata nyuma. Nikaita, 'Jescah, mshike mtoto!' Mafuta yalikuwa yanalia jikoni, hamkunisikia. Niliona, na sikuinuka. Kwa hiyo mimi pia niliacha geti."

Jescah aliketi chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama.

Mlango wa mbele ukafunguka. Shikanga aliingia ameloa mabegani, chupa kubwa za soda kwenye mfuko, anacheka.

"Mvua ya Kakamega haina adabu! Imeningoja nishuke pikipiki tu ndipo..."

Akaona nyuso. Kicheko kikafa.

"Kuna nini?"

"Ulikuwa wapi?" Kemunto aliuliza.

"Si nilikuandikia? Stejini, nanunua..."

"Siku ile, Shikanga."

Mfuko ulishuka taratibu mpaka sakafuni. Alimtazama bibi yake, na Kukhu akatingisha kichwa: mimi jina sikutaja. Angeweza kukana. Kemunto alimwona akitafuta neno la kukana, kisha akaliacha.

"Nilikuwa kwenye gari," alisema.

"Unafanya nini?"

"Kulikuwa na mechi redioni. Hapa ndani kelele ilikuwa nyingi. Gari nilikuwa nimeliegesha ng'ambo ya barabara, kwa vile wageni walijaza kiwanja."

"Mechi."

"Ndiyo."

"Na geti?"

"Niliacha wazi. Nilisema ni dakika tano tu."

Kemunto alisimama. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Shikanga kuliko kelele.

"Miaka mitatu nimemlaani mwanamke huyu. Nimemwombea mabaya kanisani, Shikanga, nikiwa nimepiga magoti. Na wewe ulikuwa kando yangu unanipangusa machozi."

"Nilitaka kusema pale hospitali. Mdomo ulikuwa umefunguka. Kukhu akatangulia."

"Na kesho yake?"

Shikanga aliutazama mfuko wa soda sakafuni.

"Na mazishini? Na siku niliyofunga nguo zangu? Na Ijumaa ukiniletea mahindi, ulikuwa umefungwa mdomo na nani?"

"Nilikuwa naogopa kukupoteza."

"Ulinipoteza. Kisha ukaja kunitongoza tena kwa uongo uleule."

Shikanga alipiga magoti. "Mama Mitchel, nifanye nini? Sema lolote."

"Usinipigie mimi magoti. Mgeukie yeye."

Aligeuka. Mwanamume wa miaka thelathini na minane akaweka kichwa kwenye mapaja ya bibi yake akalia kama siku aliyoletwa kwake akiwa yatima. Kukhu alimpapasa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwa Kemunto.

"Harusi haipo," Kemunto alisema. "Wewe nenda kwa kila mtu aliyesikia ule uongo. Anza na mchungaji, uende kwa wajomba, umalizie kwa baba yangu Nyamira. Useme kwa mdomo wako. Usitume mtu, usiandike ujumbe."

"Na baada ya hapo?"

"Sijui. Hilo usiniulize leo."

Shikanga alitoka kwenye mvua ileile. Kemunto alivuta kiti akakaa karibu na Kukhu, akaichukua mikono yake, akaibusu moja baada ya nyingine.

"Nilikuambia maneno mabaya, Kukhu."

"Ulikuwa na haki ya kusema."

"Si kwako."

"Basi nisaidie tu kula. Peke yangu chakula hakishuki."

Jescah akaleta obusuma, ugali wa moto, na ingokho. Walikula wanawake watatu, machozi yakiingia kwenye mchuzi.

Wiki mbili baadaye baba yake Kemunto alipiga simu.

"Mwanamume wako amekuja hapa."

"Amesema, Tata?"

"Amesema yote, mbele ya kaka zako. Amesimama uani mvua inamnyeshea." Mzee alikohoa. "Sikumpiga. Nilitaka, lakini sikumpiga."

"Asante, Tata."

"Utarudi kwake?"

"Kila Jumapili nakula kwa bibi yake. Zaidi ya hapo sina jibu."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila baada ya ibada Kemunto alikwenda Shieywe. Shikanga naye alianza kuja kutoka Mumias. Aliketi mwisho wa meza, akala alichopewa, akaosha vyombo, akaondoka. Kemunto hakumsemesha. Mei ikapita, Juni ikapita. Watu wakasema anamtesa. Wengine wakasema ni mjinga, angemfukuza tu. Kukhu hakusema lolote. Alianza kunenepa.

Jumapili moja ya Agosti Jescah alikuwa amempeleka Kukhu kulala kidogo. Walibaki wawili mezani, vyombo vichafu kati yao. Shikanga aliinuka kuvikusanya.

"Acha kwanza," Kemunto alisema.

Akaacha. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikimlenga tangu Aprili.

"Mitchel alikufikia pale kwenye gari?"

Shikanga aliketi tena, taratibu.

"Alinifikia."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliongea naye mwisho."

"Ndiyo."

"Miaka yote hii nimekuwa najiuliza alikuwa anaenda wapi. Nikilala, najiuliza alikuwa anakimbia nini. Kama alikuwa ameogopa. Kama alikuwa ananiita na sikusikia." Akamgeukia. "Wewe ulikuwa unajua. Sema."

Shikanga aliweka mikono juu ya ubao.

"Aligonga mlango wa gari. Nikafungua dirisha. Akauliza, 'Baba, tumefunga bao?' Nikamwambia bado. Akasema, 'Basi mimi naenda kwa mama, tukifunga uniite.'"

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Nikamwambia sawa. Nikapandisha dirisha. Sikumtazama akivuka."

"Alikuwa haogopi?"

"Alikuwa anacheka."

"Alikuwa anakuja kwangu."

"Alikuwa anakuja kwako."

Kemunto alilia. Hakulia kama alivyolia mazishini, wala kama alivyolia usiku wa Lurambi akiuma mto majirani wasisikie. Alilia akiwa ameinua uso, mdomo wazi, kama mtu aliyetolewa majini anayetafuta hewa. Shikanga hakuthubutu kumgusa. Alikaa tu, naye machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola.

Baada ya muda mrefu Kemunto aliinuka, akazunguka viti vyote, akaja kuketi kando ya mumewe. Akamshika mkono.

"Sema tena," alimwambia. "Polepole. Usiruke neno."

Shikanga akasema tena.