Kwangu Ni Wapi?

"Nimeishika mimi kwanza!"

"Umeigusa. Kugusa si kushika."

Hivyo ndivyo walivyokutana Korkoi na Selorm, katikati ya makelele ya soko la Circle, kila mmoja kang'ang'ania upande wake wa ruta moja ya mtumba, kisanduku cha kuunganisha simu na kompyuta, na muuzaji akiwatazama kwa furaha ya mtu anayejua bei imeshapanda. Korkoi alivaa gauni la kitenge cha manjano lililombana kiunoni, na raba nyeupe zisizoendana nalo hata kidogo. Selorm alifunga shati hadi kifungo cha juu, kwenye joto lile la Accra. Ukimtazama tu unajua: huyu ni wa kumeza maneno.

"Unaitakia nini?" Korkoi aliuliza. Alikuwa mchoraji wa katuni, na kuuliza kwake kulikuwa sawa na kupumua.

"Natengeneza mchezo wa mtandaoni. Nataka simu ziongee chumbani kwangu bila kula bando."

"Mchezo gani?"

"Ampe."

Korkoi akaiachia ruta. Ampe! Mchezo wa wasichana, wa kuruka na kupiga makofi, kisha kila mmoja anatupa mguu mbele: mmoja hushinda miguu ikilingana, mwenzake hushinda ikitofautiana. Shuleni kwao hakuna aliyekuwa akimshinda.

"Umewahi kuicheza?"

"Mimi? Nimesoma sheria zake."

"Ei! Amesoma! Bra, kaka yangu, nishikie mkoba," akamwambia muuzaji. "Na wewe, chale, rafiki yangu, ruka."

"Hapa?"

"Hapa hapa!"

Wauza chaja wakapisha. Selorm akaruka kama gunia linaloshushwa lorini, akatupa mguu wa kulia. Akaruka tena: kulia. Tena: kulia. Watu wakapiga vigelegele, Korkoi akacheka hadi akajishika mbavu. Kuna jambo aliliona katika miguu ile, akaliweka moyoni asimwambie. Ruta alimwachia. Namba ya simu aliondoka nayo.

Haikupita muda, mchoraji wa mchezo ule akawa yeye. Alikuwa akishuka Kaneshie, kwa Selorm, na kelewele ya moto kwenye karatasi, zile ndizi za kukaanga zenye pilipili, wanakula kwa mikono miwili na kubonyeza simu kwa vidole vyenye pilipili. Siku moja simu zote mbili zikaandika: Umeshinda.

"Sasa nani mkweli?" Korkoi akauliza.

"Ndiyo maana tunahitaji seva. Seva ni mwamuzi. Simu zinamwambia zimefanya nini, yeye ndiye anayekata shauri."

"Na anakaa wapi huyo mwamuzi?"

"Kwa sasa, ndani ya kompyuta yangu. Akishakomaa tutamtoa duniani."

Korkoi akaiinamia kompyuta ile, akaitegea sikio kana kwamba angemsikia mtu akikohoa. Selorm alimtazama shingo, akasahau alichokuwa akikula. Tangu hapo alikuwa amekwisha, maskini, ila mdomo wake ndio haukupewa taarifa.

Baadaye Korkoi akataka mwamuzi wake mwenyewe kule nyumbani kwake Osu, ili ajaribu michoro bila kusubiri mtu. Selorm akamwelekeza kwa simu.

"Andika localhost, mpenzi."

"Umeniitaje?"

"Nimesema... andika localhost."

"Nilisikia na la pili. Haya, huyu localhost ni nani?"

"Ni kama neno 'kwangu'. Wewe ukisema kwangu, ni Osu. Mimi nikisema kwangu, ni Kaneshie. Neno moja, nyumba mbili. Kila kompyuta ikiliona hilo neno, inajiangalia yenyewe."

"Neno la ubinafsi hilo."

Ukurasa ukafunguka. Palikuwa na msichana wa ampe aliyemchora yeye mwenyewe, amesimama peke yake uwanjani, na chini yake maneno: Mchezaji wa pili hayupo.

"Anatia huruma," alisema Korkoi.

"Anasubiri tu," Selorm akajibu.

Kisha ikaja habari ya Kigali. Kampuni moja ya michezo ya simu ilimtaka Korkoi akachore huko, mwaka mzima. Akampigia Selorm jioni ile ile.

"Wanataka jibu Ijumaa. Niende nisiende?"

"Ni... ni nafasi nzuri."

"Sikuuliza uzuri wa nafasi, Selorm. Nauliza wewe unasemaje."

Kule Kaneshie Selorm akakifungua kifungo cha juu, akakifunga tena.

"Nitakujibu kwa njia yangu," akasema.

Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Huyu bwana badala ya kufungua kinywa akafungua kompyuta. Akaongeza kitu kwenye mchezo: wachezaji wawili wakiingia na miguu yao ikilingana, yanatokea maneno, "Nenda, lakini nenda ukiwa mchumba wangu. Korkoi, tuoane?" Akajaribu, ikafanya kazi. Akanakili anwani iliyokuwa juu ya ukurasa, akamtumia na neno moja: Jibu.

Korkoi akaifungua pale pale kwenye kompyuta yake. Msichana wake yule yule, peke yake uwanjani. Mchezaji wa pili hayupo.

Aliyasoma maneno yale polepole. Ilimuuma, jamani, ilimuuma kweli. Akaandika: "Nimeona. Asante kwa kunijibu. Naenda." Kisha akazima simu.

Selorm akaisoma akakaa sakafuni. Alijua amekataliwa, tena kwa adabu.

Ijumaa asubuhi Korkoi alikuwa na barua ya Kigali tayari, haijatumwa. Umeme ukakatika Osu nzima, na kompyuta yake, betri ilishakufa zamani, ikazimika puu. Uliporudi, alifanya wanachofanya wote walioachwa: akalirudia lile lililomuumiza. Akabonyeza anwani ya Selorm. Haikufunguka.

Akakunja uso. Seva ya Selorm iko Kaneshie. Umeme umekatika Osu. Inakuwaje giza la kwangu limzimie mwamuzi wa kwake?

Mwingine angeliacha hilo lipite. Korkoi hakuweza. Akamwasha mwamuzi wake mwenyewe, akabonyeza: msichana akarudi. Akamzima: akapotea. Akamwasha: huyo. Ndipo akaisoma ile anwani kwa mara ya kwanza, herufi kwa herufi. Localhost.

"Hee!" alipiga ukelele hadi shangazi yake, Auntie Dedei, akatoka jikoni na mwiko. "Amenikaribisha kwangu! Mjinga huyu kanikaribisha kwangu!"

Alifika Kaneshie na raba zake nyeupe, akagonga mlango kama mdai. Selorm akafungua, shati halina hata kifungo kimoja kilichofungwa.

"Sikuja kugombana. Washa mashine. Jibu lako liko wapi?"

"Si uliliona?"

"Niliona Osu! Ulinitumia neno gani, Selorm? Kwangu ni wapi?"

Selorm akajipiga kipaji cha uso. "Ee Mungu wangu. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Wewe ndiye. Haya, niunganishe."

Simu ya Korkoi ikashika ile ruta ya Circle. Kwenye skrini ikaandikwa: Mchezaji wa pili amefika. Korkoi alikaribia kubonyeza, akajizuia, akaiweka simu chini.

"Hapana. Niambie kwa mdomo."

Selorm akamtazama usoni. "Nenda Kigali. Lakini... nataka unioe. Yaani, nikuoe. Ukubali, nakuomba. Nakupenda, Korkoi. Nimechelewa kusema."

"Umechelewa sana. Basi turuke. Miguu ikilingana, nimekubali. Ikitofautiana, ndiyo basi."

"Mchezo wa bahati? Jambo hili?"

"Unaogopa?"

Wakapiga makofi. Selorm akafumba macho, akaruka, akatupa mguu. Alipofumbua, aliona raba nyeupe imenyooka mbele, ya kulia, ikitazamana na mguu wake wa kulia.

"Bahati!" alipumua, machozi yakimlengalenga. "Yarabi, bahati gani hii!"

"Bahati," Korkoi akakubali, lile jambo la miguu ya Circle bado kaliweka moyoni, akimfunga vifungo vya shati kimoja kimoja. "Sasa wajomba zako waje kugonga mlango na chupa yao ya kuposea, kama desturi. Na anwani uwaandikie wewe kamili: Osu, kwa Auntie Dedei. Ukiwaandikia 'kwangu', watakuja kukuposa wewe."