Cherehani Iliyotisha Farasi

Mke wangu ni fundi cherehani. Kila asubuhi namsaidia kutoa cherehani hadi kibarazani, kando ya barabara, maana chumba chetu ni giza. Ukitunga uzi humo unajidunga kidole. Mimi hukaa kando yake nikishona viatu. Wakati huo alikuwa na sare za shule nzima za kumaliza kabla ya muhula mpya.

Akaja askari mpya wa mji. "Mama, ingiza cherehani ndani. Sheria inakataza cherehani kando ya barabara. Inatisha farasi."

"Farasi!" Nilicheka mpaka nyundo ikaniponyoka. "Afande, umewahi kuona farasi hapa?"

"Sijaona. Lakini sheria ipo. Nikiikuta cherehani hapa kesho, naichukua."

"Mpuuze," nikamwambia mke wangu. "Hiyo sheria haifuatwi na mtu."

Kesho yake cherehani ikachukuliwa. Mke wangu alilia, nami sikuwa na uso wa kumtazama.

Jirani yetu, karani mstaafu wa halmashauri, akaja mbio. "Shemeji, umemponza mkeo! Sheria iliyolala haijafa. Yeyote anaweza kuiamsha. Dawa yake ni kuifuta."

"Anaifuta nani?"

"Halmashauri iliyoitunga. Andikeni barua. Semeni ni sheria gani, inamuumiza nani, na kwa nini haina kazi tena. Majirani watie saini. Mpeni diwani aipeleke kikaoni. Na siku hiyo nendeni mkaseme wenyewe!"

Tukaandika. Mtaa mzima ukatia saini, hata muuza mkaa aliyetununia mwaka mzima.

Siku ya kikao, ukumbi ulifurika. Mke wangu akasimama. "Naomba cherehani yangu iletwe."

Ikatolewa stoo. Akaketi, akakanyaga, tararara! Kisha akauliza, "Nani farasi wake amekimbia? Anyooshe mkono."

Weee! Watu walicheka mpaka machozi. Madiwani wakapiga kura, sheria ikafutwa, na tangazo likabandikwa mlangoni tulisome wote. Aliyebeba cherehani begani hadi kwetu ni askari yule yule.

Sare ziliisha siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Jana karani alituletea kitabu cha sheria za mji. Mke wangu akafunua, akasoma, akanitazama kwa jicho la uchokozi.

"Mume wangu, hii hapa: fundi viatu asipige nyundo siku ya soko. Tuipuuze?"

"Thubutu!" nikaruka. "Lete kalamu!"