Siku Ofisi Ilipomtafuta Selby

Kila akitoka shule, Tryphena alivua viatu mlangoni, akachochea jiko la kuni, kisha akamenya viazi. Simu ilikuwa ukutani, kando ya koti la marehemu mama yake ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuliondoa.

Tangu kiwanda cha samaki cha kijiji chao, Sculpin Cove, kifungwe, baba yake, Selby, aliishi kwa malipo ya wasio na kazi. Kila baada ya wiki mbili alijaza fomu kuthibitisha kwamba yuko tayari kufanya kazi siku yoyote atakayoitwa. Lakini Oktoba ni mwezi wa kuwinda kulungu wakubwa, na hapo kijijini hata mgonjwa huinuka kitandani akashika bunduki. Selby alikuwa msituni tangu jana. Alimwachia binti yake agizo: ofisi ikipiga simu, aseme baba yuko bandani anashona nyavu.

Simu ikalia. Bi. Keeping wa ofisi ya malipo alitaka kuzungumza na Selby.

"Yuko bandani," alisema Tryphena.

"Basi kamwite, binti. Nangoja."

Tryphena alitoka nje. Banda lilikuwa na kufuli. Alijua baba akigundulika mwongo malipo yao yatasitishwa, na theluji ilikuwa karibu. Alirudi, akashika simu kwa mkono mmoja na koti la mama kwa mkono mwingine.

"Nimekudanganya, Bi. Keeping. Baba yuko msituni, anawinda."

Bi. Keeping akasema siku hizo mbili za msituni hazitalipwa. Ila kiwanda cha kaa, ng'ambo ya kilima, kilitaka watu kesho saa moja asubuhi. Selby asipofika, jina lake litaondolewa kwenye orodha ya malipo.

"Atafika," alisema Tryphena.

Alikimbia kwa jirani yao, Mjomba Hezekiah, mwenye pikipiki ya magurudumu manne.

"Kumtoa Selby msituni kabla hajapata kulungu?" mzee alicheka. "Afadhali umng'oe jino." Lakini tayari alikuwa anavaa buti.

Walimkuta Selby kwenye kibanda chake cha msituni, anachemsha chai. Uso wake ulibadilika.

"Nilikuagiza nini, Tryphena?"

"Uliniagiza nidanganye, baba. Nikashindwa."

Tryphena akamweleza habari ya kiwanda cha kaa. Selby akatoa risasi kwenye bunduki, akafunga mizigo.

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, alisimama kwenye lango la kiwanda, buti zake zikiwa bado na matope ya msituni. Kati ya watu kumi na mmoja walioitwa, walifika wanne. Wote wanne walipewa kazi hadi Krismasi.

Jioni alirudi akinuka kaa, akacheka kama ambavyo hakuwa amecheka tangu msiba wa mkewe. Alitundika koti lake kando ya lile la mama.

"Sahihi kwenye ile fomu ni yangu," alimwambia bintiye, "lakini uongo wake nilikubebesha wewe. Aliyesema yuko tayari, awe tayari. Na kama hayupo, aseme hayupo."

Simu ikalia. Ilikuwa shangazi, akiuliza kama Selby amerudi na nyama.

"Mwambie kweli," alisema baba. "Sina hata mkia wa kulungu. Nina kazi."