Gauni la Kengele

Satini nyeupe ilikuwa imebaki jora moja tu katika duka lile la vitambaa, na duka lenyewe lilikuwa limefurika mpaka mlangoni, watu wakipitishana mabunda juu ya vichwa vya wenzao. Mkono mmoja ulilishika jora upande huu, mwingine ukalishika upande ule, na hakuna aliyeachia.

Upande huu alikuwa fundi wa magauni ya harusi, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwembamba, blauzi ya bluu iliyonyooshwa kwa pasi, futi ya kupimia shingoni na macho yasiyotaka mchezo. Upande ule alikuwa mwanamume mrefu mwenye shati la kaki, vumbi la mbao limemtulia kwenye nyusi kama unga.

“Kaka, niachie tafadhali. Nina bibi harusi Jumamosi.”

“Na mimi nina mteja kesho asubuhi, dada yangu. Huyo wangu hangoji.”

“Mteja gani wa satini nyeupe asiyengoja?”

Mwanamume alisita kidogo. “Nina karakana ya fanicha. Ni kitambaa cha mito.”

“Mito ya satini nyeupe. Kweli kuna watu wana raha zao hapa duniani.”

Hakucheka. Alimtazama kwenye kola, akasema taratibu, “Una pini nne hapo shingoni. Zitakuchoma.”

“Zimenizoea.”

“Basi tugawane. Unahitaji mita ngapi?”

“Inategemea mkato.”

“Kwani gauni la harusi si gauni tu?”

Loo, hilo alilisema mbele ya mtu asiyefaa. Muuza duka akipima, fundi alimpa seremala somo zima palepale kwenye meza ya kukatia. Kuna la mkato wa A, alisema, linashika kifuani kisha linafunguka polepole hadi chini, na hilo humkubali karibu kila mtu. Kuna la mkia wa samaki, linabana mpaka magotini ndipo linachanua. Zuri kwa picha, ila bibi harusi akipanda ngazi utamwonea huruma. La kunyooka halifichi kitu. Lenye kiuno cha juu, chini kidogo ya matiti, humfaa mjamzito na mwenye tumbo asilotaka lijadiliwe na wakwe. Halafu kuna la kengele: kiuno kimekazwa, sketi imejazwa gagulo la neti kwa ndani, linakula kitambaa na linakula chumba.

“Na mtu anajuaje lake?” seremala aliuliza, na safari hii alionekana anataka kujua kweli.

“Namkalisha. Kila mtu anapendeza akisimama mbele ya kioo. Mimi namwambia kaa, inama, nikumbatie. Gauni likimruhusu, ni lake.”

Walitoka dukani kila mmoja na nusu yake ya satini na namba ya simu ya mwenzake.

Tangu hapo simu ikawa inalia kila siku saa saba mchana.

“Pini, umekula?”

“Nani amekupa ruhusa ya kuniita Pini?”

“Zile nne za kwenye kola.”

“Sijala.”

“Basi toka nje. Nimesimama hapa na chakula kinapoa.”

Shangazi yake Pini, aliyekuwa akishona shanga na lesi kwenye kona ya chumba kilekile cha kazi, alimchunguza mgeni kwa wiki mbili kabla ya kutoa hukumu. “Mwanangu, huyu kijana ana mikono safi mno kwa seremala. Anainawa kabla ya kugusa kitu chochote chako. Mtu wa hivyo ama kalelewa vizuri, ama ana jambo.”

“Shangazi, na wewe. Akiwa mchafu kosa, akinawa kosa.”

“Mimi nimesema tu.”

Mapenzi yaliwakolea. Pini alimchorea mikato yote kwenye karatasi ya kaki ya kukatia violezo, na seremala akaikariri kama mtoto wa shule. Bibi harusi akipita barabarani, alimnong’oneza, “Mkato wa A, siyo?” naye Pini akampiga kikumbo kwa furaha. Kila Ijumaa Pini alimfungia mfuko wa mabaki, vipande vya satini na lesi visivyotosha hata mkono wa gauni. “Kwa mito yako ya matajiri,” alimwambia. Seremala aliupokea kwa mikono miwili. Jambo moja tu lilimkera Pini: miezi saba ilipita, na hakuwahi kukaribishwa karakana.

“Kuna vumbi, mpenzi. Utakohoa.”

Katika miezi hiyo ndipo alipokuja mwalimu. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na alikuja na mama yake mzazi. Pini alimpima, akamgeuza, akamwambia ukweli wake: kwa urefu ule, mkato wa A ungempendeza na kumrefusha.

“Nataka la kengele,” mwalimu alisema.

“Litakumeza, mwalimu wangu.”

“Linimeze. Fundi, mimi nimejibana maisha yangu yote. Chumba chetu kidogo, darasa langu dogo, watoto sitini, kiti changu nimempa mtoto mgonjwa. Siku moja tu nataka kuchukua nafasi.”

Mama yake alicheka mpaka akafuta machozi. Pini alishindwa. Alikata sketi yenye pindo la mita sita, akaizungushia lesi ya vijani vidogo, na mwalimu alipolijaribu akakaa, akainama, kisha akamkumbatia fundi kwa nguvu hadi pini zikawachoma wote wawili. Lilikuwa lake, hakuna ubishi.

Siku chache baadaye Pini alifunga kazi mapema, akavaa gauni lake la njano lenye mifuko, akabeba chakula, akaenda kumshtukiza mpenzi wake karakana. Alipita geti, akapita rundo la mbao, akaingia bandani. Hakukuwa na kiti hata kimoja. Yalikuwa majeneza, saba au manane, yamepangwa ukutani. Moja lilikuwa wazi juu ya meza, ndani limefunikwa satini nyeupe, na kichwani pana kimto kilichozungushiwa lesi ya vijani vidogo.

Seremala alitokea nyuma ameshika randa. Alimwona, akaiweka chini.

“Uliniambia fanicha,” Pini alisema.

“Nilikudanganya.”

“Hii ni lesi ya mwalimu. Mwalimu yuko hai, ana harusi mwezi ujao. Unamlalishia maiti.”

“Pini...”

“Usiniite hivyo.”

“Mwanamke wa kwanza niliyemwambia ukweli aliomba maji, akanawa mikono mbele yangu. Niliogopa na wewe utanawa.”

“Wateja wangu wakijua vitambaa vyao vinaishia humu, nani atanikanyagia mlango? Miaka tisa ya kazi. Uliliwaza hilo hata siku moja?”

“Niliwaza kila Ijumaa.”

“Na kila Ijumaa ukachukua mfuko.”

Pini aliondoka na chakula chake mkononi, na barabara nzima alitembea bila kumwona mtu. Simu ya saa saba ilipolia kesho yake hakuipokea. Wala ya keshokutwa. Shangazi aliisikia ikilia juu ya meza, akamtazama, akaendelea kutunga shanga.

“Alinidanganya, shangazi.”

“Sawa. Lakini kinachokuuma ni uongo, au ni majeneza?”

“Vyote.”

“Basi siku ukivitenganisha, uniambie.”

Zilipita wiki tatu. Zilikuwa zimebaki siku kumi tu harusi ya mwalimu ifike, pale homa ilipomwanza Jumatatu akiwa darasani. Jumatano alilazwa. Ijumaa asubuhi mama yake alisimama kwenye mlango wa chumba cha kazi, peke yake, kitambaa cha kichwa amekifunga ndani nje bila kujua, na Pini hakuhitaji kuambiwa.

Walikaa naye. Shangazi alimshika mkono. Yule mama alilitazama gauni lililoning’inia dirishani, limevimba, jeupe, limejaa dirisha lote.

“Tunamzika kesho mchana,” alisema. “Nataka avae hilo. Zima, fundi, kama alivyolivaa hapa. Usilikate mwanangu.”

“Sitalikata, mama.”

Alipoondoka, Pini alikaa sakafuni. Lesi ya yule msichana ilikuwa imetangulia kwenye jeneza, na yeye ndiye aliyeifunga kwenye mfuko. Na gauni lenyewe, hata likiondolewa gagulo, lilibaki na mita sita za pindo. Alijua vipimo vya kila kitu kinachovaliwa duniani, lakini upana wa jeneza hakuujua. Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza. Alipiga simu, ikapokelewa kabla haijalia mara ya pili.

“Sikupigii kwa ajili yetu,” alisema.

“Sawa.”

“Nina gauni la kengele, pindo mita sita. Linaingia kwenye jeneza la kawaida?”

“La nani?”

“La mwalimu.”

Alimsikia akivuta pumzi. “Pole, mpenzi. Pole sana. Halitaingia. Ukilikunja litapanda mpaka limfunike uso.”

“Kwa hiyo nilikate, nilitoe mapande, liwe mkato wa A. Nimemwahidi mama yake sitalikata, na mkasi ninao mkononi.”

“Weka chini mkasi. Ulinifundisha mwenyewe, ukitoa mapande kwenye sketi kiuno kinakufa. Niambie, alisema nini siku alipolichagua?”

Pini alimweleza. Kujibana, darasa, kiti, kuchukua nafasi. Sauti ilimkatika katikati, akaanza upya.

“Basi tumpe nafasi,” seremala alisema. “Njoo na vipimo vya gauni, siyo vya mwili. Halafu muulize mama yake upana wa mlango wa nyumba yao.”

“Wa nini?”

“Asije akakwama mlangoni mbele ya watu.”

Pini alimpigia yule mama, akapewa jibu, akalikunja gauni mikononi na kwenda. Karakana ilikuwa na joto na harufu ya mbao mbichi. Seremala alilitandaza gauni juu ya meza, akalifuata ukingoni kwa penseli kama alivyowahi kumwona yeye akifuata violezo. Majeneza yake yote yalipanuka mabegani yakachongoka miguuni. Hili alilipindua: jembamba kifuani, limeingia kidogo kiunoni, kisha likafunguka pande zote mbili mpaka chini. Alikata, akapiga randa, akaunga. Pini alikaa kwenye kigogo akishona satini ya ndani, pini mdomoni.

“Ile lesi,” Pini alisema hatimaye. “Nilimtanguliza kaburini akiwa mzima.”

“Niliyeiweka ni mimi. Ukitaka kumlaumu mtu, nipo hapa.” Alipangusa mbao kwa kiganja. “Aliilalia bibi mmoja wa miaka tisini. Binti yake aliushika ule mto akaniuliza nani kashona kitu kizuri hivi. Sikuweza kukutaja. Niliona haya kuliko siku zote.”

“Mimi nilitaka kukupenda wewe, siyo fanicha yako,” Pini alisema. “Ungeniambia tu.”

“Najua. Nisamehe.”

Pini aliupeleka mkono mezani na kuuweka juu ya mkono wa seremala, wenye vumbi, ambao hakuwa ameunawa. Alikaa hivyo mpaka uzi wa kwenye sindano ulipomkumbusha kazi.

Kesho yake nyumba ya marehemu ilijaa. Wabebaji walikuwa wanane badala ya sita, na mlango uliwapitisha kwa upana wa vidole vinne kila upande. Mwalimu alilala ndani ya gauni lake zima, kiuno kimeshika, sketi imetanda kulia na kushoto mpaka imegusa mbao, lesi ya vijani miguuni. Bwana harusi alisimama na suti yake ya harusi, akainyoosha mikunjo ya pindo moja baada ya nyingine. Watoto wa darasani walipita kwa mstari. Mama mtu aliinama, akamwangalia mwanawe kwa muda.

“Ameenea,” alisema. “Jamani, mwanangu ameenea vizuri.” Kisha akauinua uso. “Nani ametengeneza hili?”

Seremala alikuwa amesimama mwisho kabisa, karibu na ukuta, kama desturi yake. Pini alitazama watu. Aliwaona mabibi harusi watano aliowashonea, na wawili aliokuwa bado anawashonea, ambao magauni yao yalikuwa yamening’inia kwake wakati ule. Alijua atakachosema kitafika kila nyumba kabla ya Jumatatu. Alipita katikati ya watu mpaka ukutani, akamshika mkono, akaja naye mbele.

“Ni huyu, mama,” alisema, sauti ikasikika kwa wote. “Ndiye fundi wa majeneza. Ni mchumba wangu. Satini tumeshona pamoja.”

Mmoja wa wale wawili aligeuza uso na kutoka. Mwingine alibaki. Yule mama alimshika seremala mikono yote miwili, akaibusu, na seremala akalia mbele ya watu kwa mara ya kwanza katika kazi yake.

Baadaye, wakirudi kwa miguu kutoka mazikoni, shangazi akiwa ametangulia makusudi hatua ishirini, seremala alimuuliza Pini polepole, “Mchumba wako tangu lini?”

“Tangu ulipouliza upana wa mlango,” Pini alisema, akamtoa takataka ya mbao kwenye nyusi.