Ua la Jiji

Jumapili hiyo soko la Gasibu jijini Bandung lilifurika watu. Nenden, aliyevaa hijabu ya rangi ya embe bivu na viatu vyeupe vya kukimbilia, alisukumwa na umati hadi kwenye meza ya fulana. Akasoma maandishi kifuani mwa muuzaji, akacheka.

"Kota Kembang. Jiji la Maua! Kang, maua yenyewe yako wapi? Mimi Bandung hii naona moshi na foleni tu."

"Moja nimeliona sasa hivi," alijibu Gilang, ambaye fulana hizo alizichora mwenyewe.

"Loo! Maneno hayo umeshawauzia wangapi leo?"

"Wewe nakupa bure, Neng," akasema, akimwita kama wasichana waitwavyo kwao.

Akampa na namba ya simu. Miezi ikapita wakila seblak yenye pilipili ya kutoa machozi, wakipigiana simu mpaka masikio yanapata moto.

Ndipo Gilang, kwa kiburi cha mapenzi, akachora fulana mpya. Aliuweka uso wa Nenden, kidevu juu, kishimo shavuni. Jina la jiji aliliona limechakaa, akayageuza maneno: Kembang Kota. Ua la Jiji. Hakumuuliza mtu. Fulana zikagombaniwa.

Nenden aliuza vitambaa ghorofa ya chini ya soko la Pasar Baru. Asubuhi moja akaja kijana amevaa fulana yenye uso wa Nenden tumboni. Akaitazama fulana, akamtazama yeye.

"Ua la jiji si la kila mwenye pua? Basi na mimi ninuse."

Wenzake wakaangua kicheko. Nenden akajifunika uso kwa kitambaa alichokuwa akipima.

Kesho yake simu ya Gilang ikaita.

"Umenifanya nini, Gilang?" Leo hakumwita Kang, kaka, kama kawaida.

"Nimekusifu! Jiji zima linakuona mzuri."

"Jiji zima linaniona malaya! Jiji la maua ni sifa. Ua la jiji ni mwanamke wa kila mtu. Mtu wa Bandung wewe, hukulisikia hilo sikioni mwako?"

"Watu wana akili chafu, mimi nifanyeje?"

"Baba yangu hanisemeshi. Anakula peke yake, mimi kanipa mgongo." Akakata.

Gilang alitoka nje amevimba kwa hasira, akijiona kaonewa. Kwenye kigari cha batagor wanaume wawili walikuwa wakila, mmoja kavaa fulana ile. Mwenzake, kwa kidole chenye mafuta, akalibonyeza lile shavu lililochorwa. "Huyu anapatikana wapi?"

Gilang akafungua mdomo atukane. Kisha akakumbuka. Shavu lile alilichora kwa mkono wake. Aibu ikampanda, akageuka.

Akarudi kwenye karakana yake, akausugua wavu wa kuchapia fulana mpaka uso wa Nenden ukatoweka wote. Kisha akachora mchoro mwingine, akachapa fulana moja tu.

Siku iliyofuata Pasar Baru ikalipuka kwa vicheko. Gilang alikuja akipita kati ya majora ya vitambaa, na kifuani alikuwa na uso wake mwenyewe, vindevu vyake vichache, ua sikioni, na maneno makubwa: Kembang Kota.

"Ua, leo bei gani?" akapaza sauti muuza vifungo.

"Geuka tukuone nyuma!"

Akafika kwa Nenden akitiririka jasho, macho chini.

"Nisamehe, Neng. Uso haukuwa wangu, nikauuza. Ukalalamika, nikabishana."

Nenden aliuma mdomo asicheke. "Unaona aibu?"

"Natamani sakafu inimeze."

"Isikumeze bado. Abah, baba yangu, anauza kofia ghorofa ya juu."

"Niende na fulana hii?"

"Na hiyo hiyo."

Wakapanda, kila ghorofa ikiwacheka upya. Abah, aliyevaa batiki iliyopigwa pasi vizuri, alikuwa akipanga kofia nyeusi. Akakisoma kifua cha Gilang polepole. Kisha akamgeukia binti yake.

"Mgongo nilikupa wewe, mwanangu. Kumbe wa kupewa mgongo ni huyu."

Gilang akainama kwa heshima, akaugusisha mkono wa mzee kwenye paji la uso wake. "Naivua sasa hivi, Abah."

"Usiivue. Nenda nayo kwenu, umweleze mama yako ulichomfanyia binti yangu. Akimaliza kukugombeza, mlete kwetu tuzungumze."

"Tuzungumze nini, Abah?"

Nenden akauficha uso kwenye rundo la kofia.

"Jamani, Kang! Nenda tu!"